Subaru ya Tabo Haivuti: Uipime kwa Upepo, kwa Moshi au kwa Skana?

Una Forester SG5 au Impreza ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, injini EJ205. Zamani ukiikanyaga ilikuwa inakubana kwenye kiti. Siku hizi ni nzito, inachelewa kuchangamka, mafuta inakunywa, na aliye nyuma yako anaona moshi mweusi. Ukiipeleka gereji, mara nyingi neno la kwanza utakaloambiwa ni kwamba tabo imekufa, tafuta nyingine ya mtumba. Usitoe hela bado. Gari la miaka ishirini lina mipira iliyokauka, klipu zilizolegea na plastiki iliyochoka katika njia nzima ya hewa, na tundu dogo popote kwenye njia hiyo linatoa dalili zilezile za tabo iliyochoka. Inauma kumwona mtu anafunga tabo ya pili halafu gari linabaki zito vilevile, kwa sababu kilichokuwa kimepasuka ni mpira.

Njia za kutafuta uvujaji zinazopatikana kwetu ni nne: macho na masikio, skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), moshi, na upepo wa kompresa. Wengi huzichukulia kama kipimo kimoja chenye bei tofauti. Sivyo. Kila moja inaona sehemu yake na kwingine haioni kitu, na ukichagua isiyofaa utaambiwa gari ni zima huku hewa inatoka.

Hewa inapita wapi

Hewa inaingia kwenye kichujio, inapita kwenye sensa inayopima wingi wake (MAF), kisha inafuata mpira mrefu unaopita chini ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) hadi kwenye tabo, iliyo nyuma ya injini upande wa kulia. Tabo inaisukuma hadi kwenye intakula, yaani kipoza hewa kilicholala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Kutoka hapo inashuka kwenye throto, mlango wa hewa unaofunguka unapokanyaga, na kuingia manifodi. Igawe njia hiyo vipande vitatu, kwa sababu kila kipande kina tabia yake.

Cha kwanza, kutoka sensa hadi tabo, kinavuta muda wote. Kikipasuka, hewa ambayo sensa haikuiona inaingia kwa pembeni, kompyuta inapeleka mafuta ya hewa ndogo, na injini inakosa mafuta. Ubaya mwingine ni vumbi: linaruka kichujio na kwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo. Kwa anayepita barabara za vumbi kila siku, ufa wa hapo ndio unaoiua tabo kweli.

Cha pili, kutoka tabo hadi throto, kinapata presha pale tu unapokanyaga. Hapo hewa inatoka nje wakati sensa ilishaihesabu, kompyuta inaipelekea mafuta yake kama kawaida, na mafuta yanazidi hewa. Ndio moshi mweusi wenyewe. Tabo nayo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikishe presha inayotakiwa, hewa inachemka, na umri wa tabo unapungua.

Cha tatu, kutoka throto hadi kwenye injini, kinafanya yote mawili. Gari likiunguruma bila kukanyagwa kinavuta, likikanyagwa kinasukuma. Uvujaji wa hapo hufanya mngurumo upande na kushuka, na mara nyingi taa ya injini inawaka na kodi (namba ya hitilafu) P0171, yaani mafuta ni machache kuliko hewa.

Angalizo kwa wenye Toyota zenye injini ya 1JZ-GTE: hizo hazipimi wingi wa hewa inayoingia, zinapima presha iliyopo kwenye manifodi. Hewa ikivuja kabla ya throto, kompyuta inaona presha ndogo na kupeleka mafuta madogo. Gari litakuwa zito tu, bila moshi mweusi. Usikatae kwamba linavuja kwa kuwa haujauona moshi.

Macho na masikio

Hii ni bure na haina mbadala, ila ina kikomo kinachokuja mapema. Ifanye injini ikiwa ya baridi. Mvuke wa oili unaotoka kwenye injini hurudishwa kwenye njia ya hewa, kwa hiyo ndani ya mipira huwa na utando wa oili. Mahali panapovuja, oili inatoka pamoja na hewa na kushika vumbi. Ukiona doa jeusi lenye unyevu kwenye ungio la mpira, pembeni mwa intakula au chini ya klipu, umepata mshukiwa.

Uliza pia historia. Kwenye Subaru hizi starta iko juu ya gia boksi, na ili kuifikia vizuri intakula hutolewa. Kama gari lilianza kuwa zito baada ya kubadilishwa starta au kuguswa tabo, anzia kwenye klipu za intakula. Mara nyingi mpira umerudishwa ukiwa umekunjamana mdomoni, au klipu imekazwa juu ya ukingo badala ya nyuma yake. Kwa nje inaonekana imekaza kabisa. Presha ikipanda, mpira unafunguka kidogo, na ikishuka unajifunga tena.

Kuna vipimo viwili vya mtaani vinavyohitaji kusemwa wazi. Cha kwanza ni kupaka maji ya sabuni kwenye mipira ya intakula huku injini inaunguruma bila kukanyagwa. Hakifanyi kazi, kwa sababu wakati huo mle ndani hamna presha ya kutoa povu. Cha pili ni kupuliza kisafisha kabureta kuzunguka manifodi na kusikiliza kama mlio wa injini unabadilika. Hiki kinafanya kazi, lakini kwa kipande cha tatu peke yake, na ile dawa inashika moto. Tabo iliyotoka kukimbia ina joto la kuiwasha. Mimi siipulizi upande wa tabo hata siku moja.

Skana

Skana ni kipimo cha kujua kama kuna uvujaji, haikuoneshi uko wapi. Nguvu yake ni kukuzuia usifungue gari ambalo tatizo lake liko kwingine.

Namba ya kwanza ya kuangalia ni presha ya manifodi ukiwa umefungua swichi bila kuwasha injini. Hapo sensa inasoma hewa ya kawaida ya mahali ulipo: karibu kPa 101 Dar es Salaam au Mombasa, karibu kPa 82 Nairobi. Ikisoma tofauti sana na hapo, sensa yenyewe ni mbovu na namba zote zinazofuata hazina maana. Ukiwasha, injini nzima iliyopata joto husoma kati ya kPa 30 na 40 hivi bila kukanyagwa. Ikikaa juu ya hapo na mngurumo unayumba, shuku kipande cha tatu.

Mwinuko huu unawachanganya watu wenye geji ya tabo kwenye dashibodi. Geji za kawaida zinapima tofauti kati ya manifodi na hewa ya nje. Gari lilelile lisilo na tatizo, likitoka Dar kwenda Nairobi au Mbeya, sindano yake haitashuka upande wa kuvuta kama ilivyokuwa pwani, kwa sababu hewa ya nje yenyewe imepungua. Huo sio uvujaji. Nimeona manifodi ikifunguliwa kwa sababu hiyo peke yake.

Namba ya pili ni marekebisho ya mafuta (fuel trim). Kompyuta ikiwa inaongeza mafuta sana gari likiwa limesimama, halafu ongezeko linapungua unapopandisha mzunguko, hewa inaingia baada ya throto. Lakini jihadhari: ukikanyaga hadi chini, kompyuta inaacha kujirekebisha na kufuata hesabu zilizopangwa kiwandani. Kwa hiyo uvujaji wa kipande cha pili, ule unaoleta moshi mweusi mlimani, unaweza usionekane kabisa kwenye marekebisho. Hapo tazama presha yenyewe. Gia ya tatu, barabara ya kupanda isiyo na watu, kanyaga hadi chini, na mwenzako asome namba. Subaru nyingi za kiwandani hucheza kati ya bar 0.7 na 1 juu ya hewa ya kawaida (bar 1 ni kPa 100). Ikiishia nusu ya hapo, au ikipanda kisha ikaporomoka mzunguko ukiwa juu, kuna hewa inayotoka, au bomba dogo la kuongoza presha ya tabo limechomoka au kupasuka.

Kikwazo chetu ni gari lenyewe. Gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 hazifuati OBD-II, mfumo wa pamoja wa kusoma kompyuta za magari, hata kama tundu la kuchomekea ni lilelile. Kile kifaa kidogo cha bluututhi kitakataa kuunganika. Kabla hujakilaumu, tafuta fundi mwenye waya na programu inayosoma mfumo wa Subaru wenyewe. Kama hayupo karibu, geji ya presha ya mshale iliyounganishwa kwenye bomba dogo la manifodi inakupa nusu ya taarifa hiyo bila kompyuta.

Moshi dhidi ya upepo

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Njia hizi mbili zinakuonesha tundu kwa macho, na gereji ikiwa nayo moja, itakuuzia hiyohiyo.

Mashine ya moshi inapasha mafuta maalumu hadi yafuke, kisha inasukuma ule moshi kwenye njia ya hewa kwa presha ndogo mno. Mashine nyingi za kawaida hazifiki hata psi 2. Uzuri wake ni kwamba moshi unajitokeza wenyewe. Hauhitaji kukisia wala kupaka kitu. Gasketi ya manifodi iliyopasuka upande wa chini, bomba dogo la kuvuta lililonyauka, mpira wa mvuke wa oili wenye tundu, vyote vinafuka mbele ya macho yako, hata pale mkono haufiki. Kwa kipande cha kwanza na cha tatu, moshi ni mfalme. Hausumbui sili za injini, hauna hatari ya kitu kuruka, na unamaliza kazi haraka.

Ubaya wake ni hiyo presha ndogo. Gari la zamani lina uvujaji unaofunguka pale tu presha inapopanda, na mfano mzuri ni intakula ya Subaru. Moyo wake ni wa aluminiamu, na vichwa vyake vya pembeni kwenye nyingi za kiwandani ni vya plastiki vilivyobanwa kwa meno ya chuma yaliyokunjwa, katikati kukiwa na mpira mwembamba wa kuziba. Miaka ishirini ya joto la injini inaukausha ule mpira na kuilegeza ile mikunjo. Kwa psi 1 pameziba, na moshi hautoki. Kwa psi 8 bado kimya. Ikifika psi 12 au 13 unaona povu la sabuni linaanza kuchemka taratibu kwenye meno mawili matatu ya pembeni, vitone vidogo kama chumvi, na psi mbili zaidi zinalifanya povu lote liruke. Dereva wa gari hilo anakwambia mjini halina tatizo, ila kupanda mlima Kitonga halina nguvu. Anasema kweli. Na ukimpima kwa moshi utamwambia gari lake ni zima.

Kwa hiyo kwa kipande cha pili, ambacho ndicho chenye malalamiko mengi, upepo ndio unaoamua. Vifaa vyake ni rahisi. Pima mdomo wa ule mpira unaotoka kwenye sensa kuelekea tabo; huwa unakaribia inchi 3. Tafuta kifuniko cha bomba la PVC kinachoingia humo kwa kubana, kitoboe katikati, ufunge valvu ya tairi lisilo na tyubu, ambayo kijiwe chochote cha pancha kinayo. Kisha unahitaji kompresa yenye tangi na kidhibiti cha presha chenye geji. Kidhibiti sio hiari. Kompresa ya pancha inashika hadi bar 8, na ukiifungulia yote utapasua mipira iliyokuwa mizima. Zile pampu ndogo za volti 12 za kujazia tairi nazo hazitoshi, hewa yake ni kidogo.

Kuna mambo matatu yanayoharibu kipimo hiki, na ndiyo yanayofanya wengine waseme hakiaminiki.

La kwanza ni mipira ya mvuke wa oili. Kwenye Subaru inaungana na ule mpira mkubwa kabla ya tabo, kwa hiyo ukisukuma upepo unaingia pia kwenye karankesi (tumbo la injini lenye oili) na kuzisukuma sili za oili kutoka ndani. Ichomoe uizibe pande zote kabla hujafungulia kompresa.

La pili, usitegemee geji isimame. Daima kuna valvu ya injini iliyo wazi kidogo na ringi za pistoni hazizibi asilimia mia, kwa hiyo sauti ndogo kwenye ekzosi au kwenye mdomo wa oili ni ya kawaida. Ikiwa ni kubwa kwenye ekzosi, izungushe injini kidogo kwa spana kwenye boliti ya puli na usikilize tena. Ikiwa ni kubwa kwenye mdomo wa oili ilhali mipira umeziba, itazame valvu ya PCV, ile inayopitisha mvuke wa oili kwenda manifodi: inatakiwa ifunge manifodi inapokuwa na presha, na ya zamani mara nyingi haifungi.

La tatu ndilo linalowapita hata mafundi wazuri. Kwenye intakula kuna valvu inayorudisha hewa nyuma unapoachia mafuta. Kwa mpangilio wa kiwandani, hewa yake inarudi kwenye ule mpira ulio kabla ya tabo, yaani mlemle unamosukuma upepo. Pande zake mbili zinakuwa na presha sawa, kwa hiyo hata kama valvu imechoka na inapitisha, hutasikia wala kuona chochote. Chomoa bomba lake la kurudishia, ziba upande wa mpira mkubwa, kisha paka sabuni kwenye mdomo wa valvu uliobaki wazi. Povu likivimba, umeipata. Mashine ya moshi nayo inakosea hapohapo kwa sababu ileile, ukiingizia moshi kabla ya tabo.

Anza na psi 5, sikiliza, tengeneza unachokipata, ndipo upande hadi karibu na presha ambayo gari linatumia barabarani. Psi 15 ni kama bar 1, na kwa EJ205 isiyochezewa haina haja ya kupita hapo. Usisimame mbele ya kifuniko: kikichomoka kwa presha hiyo kinaweza kuvunja jino. Mchanganyiko wa sabuni ya vyombo na maji kidogo, upakwe kwa brashi, unatosha. Ule mwepesi unaopulizwa hutiririka kabla haujaonesha kitu.

Uchukue ipi

Mngurumo unapanda na kushuka, au kodi ni P0171, huku nguvu ya mlimani si mbaya: lipia moshi. Upepo utakipata pia kipande cha tatu, lakini kutafuta povu chini ya manifodi ya Subaru ni kujichosha bila sababu.

Gari ni zito likiwa na mzigo au mlimani, moshi mweusi, filimbi au "pssss" ukikanyaga: upepo, moja kwa moja, hata kama gereji ina mashine nzuri ya moshi. Kuna mashine za moshi zinazofika presha ya tabo, na kama fundi wako anayo, hiyo inashinda zote. Muulize inafika psi ngapi. Asiyejua jibu, mwambie akufungie kompresa.

Unanunua gari kwa mtu na huruhusiwi kufungua kitu: macho, geji au skana, na barabara ya kupanda. Unahitaji tu kujua kama upunguze bei, mahali tundu lilipo utapatafuta baadaye.

Kwa dizeli za zamani zenye tabo, kama Prado na Surf zenye injini ya 1KZ-TE, mbinu ya kupuliza dawa kwenye manifodi isahau, maana dizeli haivuti kama petroli. Upepo unafanya kazi vilevile, na kwa gari hizo sioni sababu ya kulipia moshi.

Ikitokea umepima kwa upepo hadi psi 15, sabuni haijatoa povu popote, na gari bado ni zito, hamia upande wa ekzosi. Kwenye Subaru kuna bomba linalopandisha ekzosi hadi kwenye tabo, na gasketi zake huungua. Moshi wa ekzosi unatoka kabla haujaizungusha tabo, na dalili ni zilezile za hewa kuvuja. Upepo uliouingiza mbele hauwezi kuionesha. Washa gari asubuhi likiwa la baridi, sikiliza "tik-tik" chini upande wa kulia, na angalia masizi meusi kwenye maungio. Hapo pakiwa pazima pia, ndipo utoe mpira na uishike shafti ya tabo kwa vidole. Kuichezesha pembeni kidogo ni kawaida, kwa kuwa inaelea kwenye oili. Ikicheza mbele na nyuma, au mapanga yakigusa ukuta wa nyumba yake, sasa nenda katafute tabo.